Raba au skrubu: diski inataka nini?

Ngamiani, Tanga, kuna duka lililopakana ukuta na mashine ya kusaga. Kisanduku cha kamera za ulinzi kipo juu ya shelfu ya mbao iliyopigiliwa ukuta huohuo. Mashine ikiwashwa, hata maji kwenye glasi yanafanya viduara. Mwenye duka analalamika kuwa picha za mchana zinakatikakatika, za usiku ziko safi. Fundi wa kwanza kaifungia raba diski ya kurekodia iliyomo ndani ya kisanduku. Wa pili kazing'oa, kakaza skrubu. Nani kapatia?

Wa raba ana hoja. Sahani ya diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Kikitikiswa kikatoka kwenye njia yake, kazi husimama. Diski husubiri sahani izunguke tena ndipo ijaribu upya. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg alizipigia ukelele diski za seva, ukelele wa mdomo tu, na grafu ikaonyesha zimechelewa. Sembuse kinu cha mahindi! Raba pia hupunguza ule mvumo unaoingia kwenye bati la kisanduku.

Ila diski nayo hujitetemesha yenyewe. Mkono unaobeba kichwa ukirushwa upande huu, mwili wa diski husukumwa upande ule, kama mvuvi anayerusha wavu akiwa kasimama kwenye mtumbwi. Ikikazwa kwenye chuma kizito, teke hilo humezwa. Ikilazwa kwenye raba laini, hujipinda, na kichwa hukosa njia hata kama jirani hasagi kitu. Kujipinda huko ndiko kunakoiumiza zaidi, ndiyo maana diski nyingi za seva huwekewa vihisio vya mtetemo wa aina hiyo.

Mimi niko na fundi wa pili, lakini nusu. Skrubu zikazwe zote nne (mbili ni uvivu), raba zihamie chini ya kisanduku, na kisanduku kihame ukuta. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka, ingemaliza ubishi, ila kwa ukubwa unaotakiwa kurekodi usiku na mchana, bei yake haishikiki.

Pa kukihamishia papimwe kwa glasi ileile ya maji, mashine ikiwa inasaga. Tatizo ni kwamba waya za kamera hazitafika, na hapo ndipo mwenye duka anapoanza kuuliza bei ya waya kwa mita.