Tambi bila nyama, na sio kwamba nimefulia

Dada yangu kanipigia video juzi nikiwa nakula kibandani, akaangalia sahani akauliza nyama iko wapi, nikamwambia hapa hawapiki nyama kabisa, akanyamaza kidogo halafu akasema kama mambo yamekuwa magumu we sema tu tukuchangie. Tulicheka sana ila swali lenyewe limenikaa kichwani, maana kwetu ndo ilivyo, mtu mzima mwenye kazi akila mboga tupu basi mwezi uko kwenye tarehe mbaya.

Niko Singapore mwaka wa nne huu. Nilivyofika nilikuwa naogopa vibanda vya Wachina kwa sababu ya nguruwe, zile tambi zao pana za kukaanga wanazoita char kway teow kwa asili zinakaangwa na mafuta yake, we macho yako yanaona tambi tu kumbe. Vibanda vya halali vipo vingi, vya Wamalay na Wahindi Waislamu, lakini karibu na kazini kwangu foleni yao mchana ni balaa. Ndo jamaa mmoja akanionesha kibanda chenye herufi kubwa ya Kichina inayosomwa "su", akasema ukiiona hiyo jua humo hamna nyama wala samaki. Nikamuuliza anti (huku kila mama muuza chakula ni anti) kama anatia mvinyo wa kupikia, akaniangalia kama nimemtukana.

Mi huwa nachukua tambi nyembamba za mchele, bee hoon, zimekaangwa na kabichi na soya sosi, juu yake ngozi ya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) iliyokaangwa kwenye mafuta mpaka inavunjika mdomoni kama papari, na pilipili pembeni. Siku nyingine za njano, ambazo nilidhani zina mayai mengi, kumbe njano ile inaletwa na maji ya magadi, yaani ndugu wa yale magadi tunayotia kwenye maharage magumu! Kisichonikaa ni ile "nyama" ya ngano. Wanakanda unga, wanauosha kwenye maji mpaka wanga utoke, kinabaki kitu kinavutika kama mpira, wanakitia viungo na rangi nyekundu pembeni kifanane na nyama ya kuchoma. Sasa umeacha nyama halafu unaiigiza ya nini? Uyoga upo, tofu ipo, vitamu vyenyewe.

Na hamna kitunguu. Wala thomu, wala chochote cha ukoo huo, Wachina wa Kibudha wanaofuata sawasawa hawavigusi. Hapa ndo niliposhangaa zaidi, maana kwetu kabla hujatia kitunguu kwenye mafuta bado hujaanza kupika, unapasha sufuria tu. Mwezi wa kwanza nilihisi kuna kitu kimesahauliwa, halafu taratibu ulimi ukaanza kusikia vingine, uyoga mkavu ulioroweshwa, soya iliyochachushwa, tangawizi, mafuta ya ufuta.

Kuna siku nikakuta foleni imefika mpaka kwa muuza kahawa, nikauliza kuna nini, wakaniambia leo ni tarehe moja ya mwezi mwandamo. Kumbe wengi wanaokula nyama kila siku wanaiacha tarehe moja na kumi na tano. Nikacheka peke yangu, nimesafiri kote huku nije nikute watu wengine nao wanahesabu mwezi!

Kwenye foleni ile kuna mwenye kitambulisho cha benki shingoni na kuna mfagizi, wote wanalipa dola 4 za Singapore hivi, na hakuna anayemuuliza mwenzie kama kafulia. Hiki ndo nachowaonea wivu. Zamani wauzaji hawa walikuwa barabarani kama mama ntilie wetu, serikali ikawaandikisha mwishoni mwa miaka ya 60 na mpaka katikati ya miaka ya 80 ikawa imewahamishia kwenye mabanda yenye maji na mifereji, na 2020 UNESCO ikautambua utamaduni huo. Mama ntilie wetu anahamishwa pia, ila mara nyingi kwa mgambo kupiga teke sufuria. Na chakula chake, maharage ya nazi, kisamvu, mbaazi, hakina cha kujifunza kwa hizi tambi hata kidogo, sisi wenyewe ndo tunakula huku tunaomba radhi, eti "leo mboga tu".

Lakini msinielewe vibaya, mama ntilie ana vyake. Anakujua, anakukopesha, ukisema mama niongezee mchuzi anaongeza. Huku kila kipande kinalipiwa, meza unaiwekea pakiti ya tishu kuishika, ukimaliza unarudisha trei mwenyewe, na kuna rafu ya trei za halali na isiyo ya halali usichanganye, tangu 2021 ukiacha meza chafu unaonywa, ukirudia ni faini dola 300. Anti wangu mwaka wa nne sasa na bado ananiuliza "kula hapa, beba?" basi.

Dada kasema nikija likizo nimpikie hizo tambi aone. Nikamwambia sawa, ila kitunguu hamna. Akasema basi we njoo tu, pilau napika mimi.