Mikono ya mlinzi: sabuni inatosha kweli?

Wiki mbili sasa baraza letu la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, limegawanyika kwa sababu ya sabuni. Mzee mmoja aliyewahi kufundisha watu kulenga shabaha alimwona kijana anayelinda duka la jumla mtaani kwetu akiegemeza bunduki ukutani, kisha akapokea kachori kwa mkono uleule. Akamwita. "Mwanangu, nawa kwanza. Hicho chombo kina sumu." Kijana akamwamkia shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo akajibu: "Babu, tangu nianze lindo sijafyatua hata moja. Sumu itoke wapi?"

Tangu siku ile wapo wanaosema mzee anamtisha kijana wa watu bure, na wapo wanaosema kijana anajimaliza mwenyewe. Nimewasikiliza wote. Naona kila upande umeshika ncha moja ya kamba, na anayepaswa kujibu zaidi hajawahi kukanyaga barazani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwetu risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu, na risasi ni yale madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu, ambayo mvuvi hutengenezea chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi. Jina ni moja kwa sababu kitu ni kimoja. Kiini cha risasi nyingi za bunduki ni madini hayo, yakiwa yamevikwa koti la shaba. Marisau, zile punje ndogo za bunduki za walinzi wengi, hayana koti hilo, ni madini matupu ndani ya ganda la plastiki. Kuna na sehemu ambayo wengi hawaifikirii: fataki, kile kidude kilicho kwenye kitako cha ganda. Fataki nyingi zina kemikali yenye madini ya risasi. Ikigongwa hulipuka na kuwasha baruti, na madini yale hutoka kama moshi na vumbi laini mno. Vumbi hilo hutua kwenye vidole, mikono ya shati na uso, na jingine hubaki ndani ya mtutu. Anayesafisha silaha huliona kwenye kitambaa chake: ule weusi si masizi peke yake.

Sasa hoja ya kijana, na niiweke kwa nguvu zake zote, maana ina haki. Madini ya risasi hayapenyi ngozi kirahisi. Mtu hawezi kuugua kwa sababu amelishika ganda zima lenye plastiki. Humwingia kwa kuvuta hewa yenye vumbi na kwa kumeza, basi. Wanaokutwa na kiwango kikubwa kwenye damu ni wakufunzi wanaokaa kwenye moshi wa shabaha siku nzima, wanaofagia viwanja hivyo, hasa vya ndani ya nyumba visivyopitisha hewa vizuri, na wanaoyeyusha madini haya kwa mikono yao. Mlinzi anayekesha nje, upepo wa bahari ukimpiga, hayumo katika safu hiyo. Kumwambia kwamba hatari yake ni sawa na ya mkufunzi ni kumdanganya, na mtu akishagundua umemdanganya mara moja hatakusikiliza siku utakayosema kweli.

Hapo namuunga mkono. Lakini aliposema hajafyatua hata moja, alijibu swali ambalo mzee hakuuliza. Bunduki ile si yake. Ni ya kampuni. Asubuhi anaikabidhi, jioni anaipokea, na kabla yake ilishapita mikononi mwa wengine. Nani aliipeleka shabaha mara ya mwisho? Nani aliisafisha, na alitumia kitambaa gani kufuta kitako? Kijana hajui. Yeye hajafyatua, lakini chombo anachokumbatia usiku kucha kimefyatuliwa.

Halafu sisi watu wa pwani tunakula kwa mkono. Silisemi hilo kwa kulaumu. Ndivyo tulivyolelewa, na adabu ya kunawishana kwa birika na beseni kabla ya kula ni hazina kubwa kwetu. Ila lindo halina birika. Kuna karanga za kwenye karatasi, mihogo ya kukaanga, kachori, kashata, vyote vya kuchukuliwa kwa ncha za vidole, na karanga peke yake humpeleka mtu mkono mdomoni mara hamsini. Anayevuta sigara naye anashika palepale pa kutia mdomoni.

Na mwezi wa Ramadhani unanitia wasiwasi zaidi. Tumbo tupu hufyonza madini haya kwa wingi kuliko tumbo lililoshiba. Mlinzi aliyefunga, adhana ya magharibi ikimkuta kazini, hufungua kwa tende iliyo mkononi. Kama kuna saa moja tu katika siku ambayo vidole vyake vinatakiwa viwe safi kabisa, ni ile.

Barazani ndugu mmoja aliuliza kama udhu mara tano hautoshi. Swali zuri, na nilijibu kwa heshima zote: udhu ni tahara ya ibada na unatimia kwa maji peke yake. Vumbi la madini hujibana kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha. Linataka sabuni, kusugua hasa, na maji yanayomiminika. Vilevile kitakasa mikono tulichokizoea wakati wa korona hakifai hapa. Kinaua vijidudu, na madini si kijidudu. Ukijipaka, unayasambaza tu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa 2021 unataka mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kwenye damu, nusu ya madini hutoweka kwa muda wa kama mwezi mmoja. Kwenye mifupa hukaa miaka na miaka. Mwanamke aliyeyabeba tangu usichana wake anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Dalili zake nazo ni za kupoteza njia: tumbo kusokota, choo kigumu, kichwa, uchovu, hasira zisizo na sababu, shinikizo la damu. Mtu atapimwa malaria, atapimwa taifodi, atarudi nyumbani na vidonge, na chanzo kiko palepale.

Kinachonifanya nisimame upande wa mzee, hata hivyo, si mlinzi mwenyewe. Ni mtoto wake. Mtu mzima akimeza madini haya mwili huchukua kama sehemu moja kwa kumi. Mtoto mdogo huweza kuchukua nusu nzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Baba anarudi alfajiri, mtoto anamkimbilia, anabebwa kabla sare haijavuliwa. Sare yenyewe inaingia beseni moja na nguo za watoto. Kiasi kisichomfanya baba hata aumwe kichwa ni kikubwa kwa mtoto huyu.

Hata hivyo, mzee naye anakosea anaposema, "Nawa, basi." Sabuni haifiki kwenye mapafu. Mkufunzi aliyevuta moshi asubuhi nzima hata akijisugua mpaka ngozi ichubuke, kilichoingia kimeingia. Huyo anahitaji hewa inayopita, sakafu inayopigwa deki kwa maji badala ya kufagiwa kavu, glavu za kusafishia silaha, nguo za kazi zisizokwenda nyumbani, na kupimwa damu kila baada ya muda. Hayo yote si ya kijana wa lindo kujinunulia kwa mshahara wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda afya ya anayemfanyia kazi, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Nachelea tusije tukaifanya sabuni kuwa kisingizio: mwenye kampuni anabandika tangazo la "nawa mikono" ukutani, bomba hakuna, na akiugua mtu anaambiwa hakunawa.

Mvuvi mmoja pale barazani alituuliza kwa uchungu mbona tunalia na walinzi huku wenzake wanayeyusha madini ya betri kuukuu kwenye sufuria ili wapate chubwi. Ana haki ya kuuliza. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, moto wa mkaa unatosha, na watoto husogea kutazama. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri hadi kikafungwa mwaka 2014, na mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hilo linastahili baraza lake peke yake, na nitalirudia. Lakini hatari kubwa ya mvuvi haiondoi ndogo ya mlinzi, hasa kama ya mlinzi dawa yake ni ndoo.

Ndoo tunazo. Mwaka 2020 kila duka la mjini Tanga lilikuwa na ndoo ya koki mlangoni na kipande cha sabuni pembeni, na hakuna aliyelalamika gharama. Ya duka analolinda kijana bado ipo. Juzi nimeifunua nikakuta imewekewa mifagio. Nimemwomba mwenye duka aioshe na kuijaza maji kila jioni kabla lindo halijaanza, naye amekubali. Kuhusu kampuni, amesema ataiambia juu ya glavu na mahali pa kuacha sare. Nimemuahidi kwamba mwisho wa mwezi nitakwenda kumuuliza wamejibu nini.