Taa moja, mafundi mtaa mzima

Hivi ni nani alikaa akaona injini nzima itoshe taa moja? Maana oili ina taa yake, betri ina taa yake, handibreki ina taa yake, mkanda una taa yake, hadi mlango usipofungwa vizuri nao una taa yake, lakini ukija kwenye injini yenyewe, ile ambayo ikifa unarudi kugombania daladala Buguruni, matatizo yake yote wameyabana kwenye kataa kamoja ka njano kasikosema kitu. Kanawaka tu. Inaweza kuwa jambo la buku tano, inaweza kuwa injini inatakiwa ishushwe chini yote, kenyewe kanawaka vilevile, wewe kaa hapo na presha yako.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba gari linajua. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inajua kabisa imeona nini, imeshaandika na kodi yake, yaani alama ya tatizo, herufi moja na namba nne, imetunza, ila haikuambii, mpaka umlipe mtu mwenye mashine aje achomeke pale chini ya usukani ndo iseme. Yaani kila siku tunaenda wote Posta tunarudi wote Tabata, foleni yote ya Mandela tunaila pamoja, halafu siri inakuja kumwambia mtu baki.

Hii yangu ni Toyota IST, chekeni tu. Taa iliwaka pale Tazara chini ya flaiova, natoka kumpokea mama mkwe uwanja wa ndege, na mama mkwe amekaa siti ya mbele, mtu ambaye toka siku ya mahari haamini chochote nilicho nacho.

"Baba, hiyo taa ya nini?"

"Ya kawaida tu mama."

"Ya kawaida mbona tunatoka uwanjani haikuwepo?"

Nikaongeza sauti ya redio. Mbele yetu kuna lori la mchanga linatema moshi mweusi kiasi kwamba watu wa bodaboda wamejifunika nyuso na makoti, halina wasiwasi wala taa, dereva mkono nje anatafuna muwa. Mimi nina kigari kisichotoa hata mvuke ndo nimewashiwa taa. Na hapa ndo inauma, maana nimekuja kusoma kwamba taa hii msingi wake ni hewa chafu, Wamarekani waliweka sheria kwamba magari madogo yanayouzwa kwao kuanzia ya 1996 yote yawe na mfumo wa aina moja wa kujipima, na taa iwake gari likielekea kuchafua hewa kupita kiwango. Kwa hiyo pale Tazara mwenye dhamira peke yake kwenye foleni nzima alikuwa IST.

Sasa fika mtaani. Ukiwa na homa Dar watu watakuuliza umepima, lakini ukiwa na taa ya injini hakuna anayeuliza, wote wanajua. Jirani ninayepakana naye ukuta hajashuka hata kwenye kibaraza, "hayo mafuta hayo, umeweka wapi?" nikamtajia, akatikisa kichwa mpaka nikaona huruma kwa sheli yenyewe. Kijana wa bodaboda kijiweni akasema chomoa waya wa betri dakika kumi rudisha, inazima hiyo, mimi nazimaga za watu. Shemeji yangu akaja na ushauri wa kubandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya taa, na nikakumbuka gari lake alilouza mwaka juzi lilikuwa na kipande hichohicho na mnunuzi alidhani ni urembo. Baba mmoja wa msikitini akanihutubia kuhusu Peugeot 504, kwamba zile ndo zilikuwa gari, hazikuwa na taa za kutishana. Sawa mzee, lakini hiyo 504 iko wapi sa hivi?

Usiku nikaingia YouTube, mzungu mmoja wa huko Marekani akaniambia nianze kwa kukaza kifuniko cha tenki la mafuta, maana kwao mfumo unapima hadi mvuke wa petroli unaovuja, kifuniko kikilegea tu taa inawaka. Nikatoka na kandambili nikakikaza. Nikakikaza kwa hasira zote za siku ile. Keshokutwa yake kijana wa sheli ametumia mikono miwili na mguu mmoja kwenye tairi na bado hakifunguki, nyuma wanapiga honi, ananiangalia kama vile nimemfanyia makusudi, na taa ya injini iko palepale inatuangalia wote.

Basi mafundi. Wa chini ya mwembe sina neno baya sana juu yake, anafungua boneti, anainamisha sikio, anamwambia msaidizi "kanyaga... achia... kanyaga," anafumba macho, kisha anatoa hukumu: plagi. Mashine hana na haitaki, anasema mashine zinawadumaza vijana. Plagi nne zikabadilishwa, na za zamani zilikuwa na rangi ya kahawia safi kabisa ambayo hata mimi nisiye fundi nimewahi kuambiwa ndo rangi ya plagi yenye afya, nikamwonyesha, akasema "hizo zinadanganya kwa nje."

Taa ikabaki.

Nikahamia kwa kijana mwenye mashine. Huyu ana kontena, ana feni, ana tisheti yenye picha ya injini, akachomeka akakaa kimya muda mrefu akisoma skrini ili elfu thelathini yangu ionekane imefanya kazi. P0171. Hiyo P ni mambo ya injini na gia, na hiyo 0171 maana yake injini inaunguza mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Sasa kaka mpaka hapo tuko sawa, mashine imesema hewa nyingi petroli kidogo, swali lililobaki si hewa inaingilia wapi au petroli inapungukia wapi? Hapana. Kijana akafunga mashine akaniambia, "Bosi, hii sensa ya oksijeni imekufa."

"Umejuaje?"

"Si ndo inayosoma mambo ya hewa?"

Tukaenda Gerezani. Mwenye duka akatoa mbili, moja mpya ya kwenye boksi lililoandikwa neno la kuhakikisha ubora likiwa limekosewa herufi mbili, nyingine mtumba imezungushiwa gazeti la Kijapani, akaapa kwa mama yake hiyo ya kwenye gazeti ni OG, laki na ushee, nikatoa. Ikafungwa, kodi ikafutwa, dashbodi ikawa safi kama siku gari linatoka bandarini, nikampigia mke wangu simu kumwambia mambo yameisha, mama mkwe akasikika kwa nyuma anauliza "imezima au ameizima?"

Ikarudi. Ilikaa siku chache tu, nipo Tabata Relini nasubiri kukunja, ikawaka. Ndo nikajua kwamba kufuta kodi ni kufuta maandishi tu, kontroboksi ukiipa muda kidogo barabarani inapima tena, ikikuta kitu ni kilekile inaandika upya. Ndo maana gari linalouzwa likiwa dashbodi safi sana na muuzaji ana haraka sana mimi sa hivi naomba kulizungusha mpaka Kibaha.

Halafu akaja wa masega, yaani lile dude la kwenye ekzosi linalosafisha moshi. Huyu sikumtafuta, alinisikia tu nikilalamika kwenye banda la chipsi. Akasema masega yameziba, tuyatoe, tupitishe bomba tupu, gari litakimbia na taa itazima, na kazi yenyewe atanifanyia bure. Bure! Fundi wa Dar! Nikaishiwa hamu ya chipsi. Humo kwenye masega kuna platinamu, palladiamu na rodiamu, watu wanayanunua, sasa yeye kazi bure masega achukue, mimi nibaki na bomba linalonguruma na taa inayowaka maradufu, kwa sababu nyuma ya masega kuna sensa nyingine inayokaa kuangalia kama yapo na yanafanya kazi. Nikamwambia nitamtafuta.

Mwisho nikapelekwa Mwananyamala kwa mzee mmoja, ovaroli limepauka mpaka huwezi kujua lilianza na rangi gani. Nikamwamkia, nikamsimulia yote toka Tazara, akawa ananywa kahawa. Hakufungua boneti. Akaniuliza taa inawaka ikatulia au inapepesa? Nikasema imetulia. Akasema vizuri, ingekuwa inapepesa ungekuwa umeshaua masega mwenyewe bila yule wa bure, maana hapo kuna silinda haichomi na petroli mbichi inaenda kuungulia huko kwenye ekzosi, taa ikipepesa unapaki pembeni huendi nayo hata sokoni. Akauliza tena, likiwa sailensa, hujakanyaga mafuta, linatulia au linapanda linashuka? Linapanda linashuka. Mafuta linakula? Linakula. Jamani, hakuna mtu alikuwa ameniuliza swali hata moja mpaka siku ile.

Akawasha injini, akachukua kopo la kabureta klina, akapuliza kidogo kidogo kuzunguka ile hozi nene nyeusi inayotoka kwenye ekleana, yaani chujio la hewa, kwenda kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Alipofika kwenye mikunjo upande wa chini, injini ikabadilisha sauti. Akazima, akaniita nisogee. Akaikunjua ile mikunjo kwa vidole gumba viwili, na katikati yake raba imepasuka mpasuko wa urefu wa kidole, kingo zimekakamaa na kupauka kwa joto, akiachia inajifunga huoni kitu, akibana inafunguka. Injini ikitikisika ndo inapumulia hapo.

Kumbe kwenye ekleana kuna kisensa kinachohesabu hewa inayoingia, kontroboksi inamwaga petroli kwa hesabu hiyo. Hewa ya kwenye mpasuko inaingilia baada ya kisensa, haijahesabiwa na mtu, ni hewa ya magendo, inapita kwenye injini na oksijeni yake inayobaki bila kuungua inatoka, sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosi inaiona na kuripoti. Sensa ile ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu! Mlinzi kapiga filimbi kwamba kuna mwizi, kijana wa kontena kamfukuza mlinzi, akaajiri mwingine, na mwingine naye kwa bahati mbaya ni mwaminifu.

Hozi tukaipata palepale mtaa wa pili, bei siitaji humu kwa sababu mke wangu anasoma. Mzee alichukua elfu kumi ya kazi na kuniomba nimwongezee ya kahawa. Taa haijarudi, na mama mkwe kabla ya kuondoka aliomba azungushwe Posta na Masaki akiwa ameinamia dashbodi njia nzima.

Kwa hiyo ninauza. Sensa ya oksijeni ya IST, ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari toka Japani, fundi alitaka kubaki nayo "akaitupe" nikagoma. Plagi nne rangi ya kahawia safi. Vyote vizima na nina ushahidi kwamba havikuwahi kuwa na tatizo. Masega yapo chini ya gari na yatabaki huko, msinipigie.