Breki ya kinga ya mmea: tuikate?

Mkulima wa Kakuyuni, nje ya mji wa Malindi, anaweza kung'oa muhogo wenye majani ya kupendeza, akaukata, akakuta mabaka makavu ya kahawia ndani. Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, wa virusi, ulioelezwa mara ya kwanza Amani, Tanga, miaka ya 1930. Anayelisha watoto kwa mihogo ile hawezi kuambiwa asubiri. Kwa hiyo namwelewa anayeuliza: kama mmea una jeni za kinga, mbona unajifunga breki wenyewe?

Breki hiyo ni maikroRNA, vipande vifupi vya RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) ambavyo kazi yake ni kuzima jeni nyingine. Zile za ukoo wa miR482 na miR2118, nyingi zikiwa na nyukliotidi (herufi za RNA) 22, hunasa ujumbe wa jeni za NBS-LRR, walinzi wanaomtambua adui ndani ya seli, na kuukata kabla haujawa protini. Vipande vya ujumbe huo huzaa RNA ndogo nyingine zinazozima walinzi wa ukoo ule ule.

Wanaotaka ilegezwe wana ushahidi. Mwaka 2019 watafiti waliizuia miR482 kwenye nyanya, na nyanya zikastahimili zaidi bakteria na kimelea cha bakajani chelewa, kinachofanana na ukungu. Wapinzani wao hutaja gharama: mwaka 2003 ilipimwa kwamba jeni moja tu ya kinga, RPM1, ilipunguza mbegu za mmea mdogo wa Arabidopsis kwa asilimia 9. Walinzi wakizidi, seli hufa.

Kwangu mimi, lenye uzito zaidi ni jinsi breki hii ilivyozaliwa. Utafiti wa mwaka 2016 uliolinganisha mimea 70 ulionyesha kwamba maikroRNA mpya huchipuka mara kwa mara kutoka kwenye jeni za kinga zenyewe zilizojinakili. Nyingi hulenga sehemu ileile ya jeni, ambayo haiwezi kubadilika ovyo, maana bila sehemu hiyo protini haifanyi kazi. Jeni ina mwanya mdogo: herufi ya tatu ya kodoni, yaani kundi la herufi tatu linalotaja kiungo kimoja cha protini, mara nyingi inaweza kubadilika bila kuigusa protini. Jeni hukwepa kwa herufi hiyo, na maikroRNA nayo hubadilika kuifuata. Ukoo wenye nakala nyingi zinazofanana ndio hulengwa zaidi. Mahindi na mpunga, ambao jeni zao za kinga zimetofautiana sana, hawaitegemei hivyo. Basi breki si lazima kwa kila mmea, na hapo wapinzani wanazidisha.

Hata hivyo, kwa muhogo wetu nasita. Virusi vingi huvuruga kazi ya RNA ndogo ili vienee. Vikifanya hivyo, breki nayo hulegea na walinzi huamka, jambo lililoonekana kwenye nyanya mwaka 2012. Yaani breki ni king'ora pia. Majaribio ya 2019 yalihusu bakteria na kimelea cha bakajani, si virusi. Tukiikata kabisa, virusi vitakapoingia shambani hakutakuwa na cha kulegea.