Nishati ya mwanga wa kale imekwenda wapi?

Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kuwa wamenasa mnururisho hafifu unaokuja kutoka kila upande wa anga. Ni mwanga ulioachiliwa takribani miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, wakati huo ukiwa na joto la karibu kelvini 3,000. Leo ni kelvini 2.725 tu. Fotoni zenyewe, yaani chembe za mwanga huo, hazijapungua: ukichukua eneo linalotanuka sambamba na ulimwengu, idadi iliyomo ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mawimbi yamerefuka na kuhamia upande wa wekundu na kuupita mbali, kiasi cha mara 1,100 hivi. Na kwa kuwa fotoni yenye wimbi refu ina nishati ndogo, kila moja imebakiwa na sehemu moja tu kati ya 1,100 ya nishati iliyoanza nayo.

Sasa, shuleni tulikaririshwa kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi. Hizo sehemu nyingine zimekwenda wapi?

Kuna wanaojibu bila kumung'unya maneno: zimepotea. Hoja yao inamtegemea mwanahisabati Emmy Noether, aliyethibitisha mwaka 1918 kwamba kanuni ya hifadhi ya nishati haijisimamii. Inatokana na ukweli kwamba mazingira ya kifizikia ni yale yale jana, leo na kesho. Ulimwengu unaotanuka hauna sifa hiyo. Jana yake ilikuwa na msongamano mkubwa kuliko leo. Ukiondoa msingi, kanuni haina pa kusimama.

Wengine hawakubali. Wanasema nishati hiyo imeingia kwenye uvutano. Mfano wao ni gesi ndani ya silinda: inasukuma pistoni, inafanya kazi, inapoa. Mwanga nao una kanieneo, na ukipiga hesabu za kupoa kwake ulimwengu unapotanuka, unapata jibu lile lile kabisa. Ila pistoni ina upande wa pili, na ulimwengu hauna. Kanieneo ni sawa kila mahali, hakuna ukuta unaosukumwa. Mpokeaji wa kazi hiyo ni nani? Ukisema ni uvutano, unakutana na ugumu mwingine: katika nadharia ya Einstein, mtu anayeanguka huru haoni uvutano pale alipo, kwa hiyo huwezi kusema kwa jibu moja kuna nishati kiasi gani ya uvutano ndani ya mita moja ya ujazo. Zipo njia za kuhesabu zinazotoa jumla ya sifuri siku zote, litokee litakalotokea. Mimi hazinishawishi. Daftari la hesabu lisiloweza kukosa kusawazika halimkagui mtu.

Pingamizi lenye uzito zaidi lilitolewa mwaka 2009 na Emory Bunn na David Hogg. Kwao, kurefuka kwa mawimbi ni athari ndogondogo za Doppler (mawimbi kurefuka au kufupika kwa sababu ya mwendo) zilizojumlishwa njiani, kutoka mpimaji mmoja hadi jirani yake anayekwenda kwa mwendo tofauti kidogo. Na katika athari ya Doppler hakuna kinachopotea. Angalia galaksi ya Andromeda. Mwaka 1912 Vesto Slipher alipima mwanga wake akakuta inatujia kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa sekunde, mawimbi yake yakiwa yamefupika. Fotoni zake zinatufikia na nishati zaidi ya ile ambayo angeipima mtu aliyeko kule, na sijawahi kusikia mtu akiuliza ziada hiyo imetoka wapi.

Kwa fotoni moja moja, nadhani wamemaliza ubishi. Kwa jumla ya ulimwengu, hapana. Tangu 1998, pale supanova (nyota zinazolipuka) za mbali zilipoonyesha kuwa utanukaji unaongezeka kasi, tuna nishati ya giza ya kuieleza. Ikiwa msongamano wake haubadiliki, kama vipimo vingi vilivyokubaliana nao, basi eneo likitanuka maradufu kila upande, ujazo wake unakuwa mara 8, na nishati ya giza iliyomo nayo mara 8. Hapa Doppler haina msaada wowote. Mlinganyo wa Einstein unasawazika vizuri katika kila nukta, kwa kuwa nishati hiyo ina kanieneo hasi. Kinachokosekana ni jumla ya ulimwengu mzima inayobaki pale pale. Hivyo nawapa ushindi wale wa kwanza, ingawa neno "kupotea" linawapotosha wasomaji wao.

Jibu hili lisichukuliwe kama ruhusa ya kudai lolote. Fritz Zwicky mwaka 1929 alipendekeza kwamba mwanga huchoka tu njiani, bila ulimwengu kutanuka. Supanova zinamkatalia: pale ambapo mawimbi yamerefuka maradufu, badiliko la mng'ao lililochukua siku 20 kule kwake, kwetu linachukua siku 40. Uchovu wa mwanga peke yake hauwezi kurefusha muda huo.