Klasi ya Mwanafunzi isipewe compareTo

Namba ina mpangilio wake wa asili: 3 hutangulia 10, wala hakuna wa kubishana. Tarehe nayo ni hivyohivyo. Ndiyo maana katika lugha ya programu ya Java, Integer (namba kamili) na LocalDate (tarehe) zimebeba Comparable, yaani ahadi ya kuwa na compareTo, njia inayolinganisha vitu viwili na kusema kipi kitangulie.

Mwanafunzi je? Mwalimu wa taaluma anamtaka kwa alama, mhasibu kwa deni la ada, mwalimu wa darasa kwa jina. Hakuna kati yao mwenye haki ya kuuita mpangilio wake kuwa wa asili. Hata hivyo, kwenye mifumo ya shule nakutana mara kwa mara na klasi (kiolezo cha vitu kwenye programu) ya Mwanafunzi yenye compareTo inayolinganisha alama peke yake, na ninaipinga kwa moyo wote.

Waweke wanafunzi hao kwenye TreeSet, mkusanyo unaopanga vitu na kukataa vinavyojirudia. Asha ana 78, Juma naye ana 78. compareTo inarudisha sifuri, na kwa TreeSet sifuri maana yake ni kitu kilekile, kwa hiyo Juma haingii. Programu haianguki, hakuna ujumbe wa kosa. Njia ya kuongeza, add, inarudisha false tu, na ni wachache mno wanaoiangalia. Mtoto kafanya mtihani, kafaulu, jina halimo kwenye orodha! Mtego huu umo hata ndani ya Java yenyewe: BigDecimal (namba ya desimali) ya 2.0 na ya 2.00 ni mbili ndani ya HashSet, mkusanyo usiotumia compareTo kuamua vipi ni sawa, lakini ndani ya TreeSet ni moja.

Mpangilio wa matokeo ukae nje ya klasi, kwenye Comparator, yaani kilinganishi kinachojitegemea, yenye jina linaloeleza kazi yake. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 hili ni jambo la mstari mmoja, alama kubwa kwanza, kisha jina, kisha namba ya mtihani:

Comparator.comparingInt(Mwanafunzi::getAlama).reversed().thenComparing(Mwanafunzi::getJina).thenComparing(Mwanafunzi::getNambaYaMtihani)

Hiyo namba ya mtihani mwishoni usiiache, maana majina hujirudia. (Na tafadhali, usilinganishe kwa kutoa a - b. Namba kubwa zenye ishara tofauti hufurika, yaani jibu huzidi nafasi ya int, likageuka. Integer.compare ipo.)

Mhasibu akija na lake, mwandikie Comparator yake bila kugusa klasi. compareTo ibaki kwa vitu kama namba ya toleo la programu, ambapo 1.9 hutangulia 1.10 popote pale, kwa yeyote anayeuliza.