Kazi Yangu ni Kuambia Watu Waketi

Jameni wacha niseme tu leo maana miguu imekataa kunyamaza. Mimi nafanya kazi benki hapa Kisumu, na usianze kuniamkia kwa heshima ukidhani napitisha mikopo, mimi ni yule jamaa wa tai anasimama kando ya ile mashine ya namba ukiingia tu mlangoni, anakuuliza "mama unatoa ama unaweka?" halafu anakupatia kakaratasi na kukuonyesha kiti. Hiyo ndio kazi. Toka saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni naambia watu waketi. Keti hapa mzee. Keti pale mama. Dadangu sogea kidogo na huyu aketi. Watu wanaketi mpaka wengine wanakoroma, kashia ameketi kwa kiti cha kuzunguka, madam meneja ameketi, hata soja wa nje ana kastuli kake amekaficha nyuma ya maua na bado buti yake ina soli nene kama tofali. Ni mimi na bendera tu tumesimama.

Na kuna sheria bana. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mtu wa kazi ya kusimama atafutiwe mahali pa kukaa ndio akipata nafasi apumzishe miguu. Siku moja nikajikaza nikamgusia supavaiza. Akaniangalia kwa huruma, akanionyesha viti vya wateja, akasema "si viko?" Basi nikajaribu. Sikumaliza hata dakika mbili, mzee mmoja akanigonga bega akaniuliza mimi ni namba ngapi.

Sasa ukinyimwa kiti kilichobaki ni kiatu. Na hapo ndio nimeteseka.

Kanuni ya ofisi ni kiatu cheusi, cha ngozi, kinachong'aa, soli isiwe na rangi. Raba hapana. Mwenzangu mmoja aliwahi kupaka raba nyeupe Kiwi nyeusi, ikakaa poa mpaka saa sita, jasho likaanza kushuka na rangi, akawa anatembea anaacha alama kwa tailizi kama mtu amekanyaga lami. Alirudishwa nyumbani kubadilisha, na alitoka mbali, Ahero.

Mimi cha kwanza nilinunua dukani, dirisha la vioo, ile shapshuta imechongoka mbele mpaka ungeweza kufungulia soda. Elfu mbili mia nane. Nilienda asubuhi mguu ukiwa bado mpole, kikaingia vizuri, nikatembea hatua tatu juu ya zulia la duka nikajiona mheshimiwa. Hapo nilikosea mara mbili. Kwanza, zulia. Benki gani ina zulia? Pili, asubuhi. Mguu wa saa tatu asubuhi na mguu wa saa tisa mchana si mguu mmoja, ukisimama kutwa damu na maji yote yanashuka chini yanakaa huko, halafu weka na joto letu hili la ziwa, Ikweta yenyewe inapita hapo Maseno tu, kufikia saa tisa kitu ninacho ndani ya soksi si mguu, ni muhogo umelowekwa. Kiatu nunua jioni. Ningeambiwa hivyo mapema saa hii ningekuwa na kucha zote.

Halafu hiyo ncha! Mimi nataka kumjua mtu aliyeangalia mguu wa binadamu akaona unaishia katikati kama penseli. Kidole changu kikubwa kiko kando, na hako kadogo kako kando ile ingine, hakuna hata kimoja kimeelekea katikati, lakini ndani ya shapshuta vyote vitano vinabanwa mahali pa viwili kama abiria wa matatu ya mwisho kwenda Bondo, na hako kadogo ndio kondakta, kananing'inia nje. Nikarudi dukani kulalamika, kijana akaniambia "vaa tu mkubwa, kitapanuka." Kumbe haikuwa ngozi, ilikuwa reksini, ngozi ya bandia. Ngozi itanyooka kidogo ikuzoee. Reksini haipanuki, inakungoja wewe ndio upungue. Wiki ya pili ikapasuka pale kiatu kinapokunjika, na malengelenge yangu yakapasuka siku hiyo hiyo, sijui kama walikuwa wamepatana.

Jioni hiyo nilishuka Kondele nikatembea mpaka Manyatta kama mtu anakanyaga mayai. Mama Brayo akanitolea beseni ya maji ya chumvi, akakaa akaangalia vile visigino, akauliza, "Baba Brayo, hivi viatu ulinunua ama uliiba? Maana vinakuadhibu."

Jumapili akanipeleka soko la Kibuye mwenyewe. Na si asubuhi, saa kumi jioni, wauzaji wamechoka na miguu yangu imevimba sawasawa, akasema hiyo ndio saa ya ukweli. Mnajua Kibuye Jumapili vile hujaa, mitumba imelala chini kwa maturubai mpaka huoni pa kukanyaga. Na namba za mitumba ni kizungumkuti, hiki kimeandikwa 8, hiki 42, kile 27, muuzaji anakuapia zote ni saizi yako, na kumbe mara nyingine hadanganyi, hiyo 8 ni ya Uingereza, 42 ya Ulaya na 27 ni sentimita za Wajapani. Mimi nikawa nasoma namba. Mama Brayo hakusoma kitu. Alikuwa anachagua kiatu vile anachaguaga samaki wa ngege, anafinya, anapindua, ananusa. Akikunja kiatu kikivunjika katikati ya unyayo anakitupa, anataka kile kinakunjika mbele pale vidole vinaanzia. Akiingiza mkono ndani akose mahali pa kisigino pa kukaa imara, anatupa. Akanivalisha vyote viwili, kulia na kushoto, sikujua mguu wangu wa kushoto umezidi wa kulia, miaka thelathini na tisa nimekuwa nikipima wa kulia peke yake. Akabonyeza mbele akataka nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya kidole kirefu na mwisho wa kiatu. Muuzaji akamwambia, "mama, hununui kiatu, unaoa."

Tukapata. Cheusi, ngozi kamili, mbele duara, cha kamba. Hiyo kamba ni muhimu kuliko unavyodhani, ikifika saa nane mguu ukianza mambo yake unainama kama mtu ameangusha kalamu, unalegeza, unaendelea na maisha. Elfu tatu ikashuka mpaka elfu moja mia nane, shilingi mia moja ya mwisho ilichukua dakika ishirini na Mama Brayo alikuwa tayari kulala hapo.

Shida moja. Soli ilikuwa ya ngozi, ngumu na imekwisha, na Jumatatu asubuhi tailizi zimepigwa deki. Niliteleza kutoka kwa mashine mpaka kaunta namba tatu nikiwa nimesimama wima na mkono nimenyoosha, mteja akafikiria namwonyesha pa kwenda, akanifuata.

Jioni nikapeleka kwa fundi wangu pale Kondele. Akasikiliza, akaniambia, "Omera, shida yako si kiatu, ni sakafu. Tailizi juu ya zege haikuonei huruma hata kidogo, pigo lote linarudi kwa goti." Akang'oa ile ya ndani iliyokuwa imelala kama karatasi, akakata sponji ngumu akaweka (si ile laini ya godoro, hiyo alisema inalala chapati kwa wiki moja), halafu chini akashona raba ya tairi. Tairi kabisa, ile ya akala, vile viatu vya tairi. Akapaka rangi pembeni. Mia sita.

Wacheni niwaambie. Juu kiatu ni cha benki, chini ni akala. Siku ya kwanza saa kumi ilifika na sikuwa nimemtukana mtu yeyote moyoni. Nilipanda ngazi. Kwa hiari.

Lakini hakuna raha kamili, kikaanza kulia. Nyiii. Nyiii. Kila hatua. Ukumbi wa benki unavyokuwa kimya, watu wananyamaza wasikie namba zao zikiitwa, na mimi napita nyiii, nyiii kama mlango wa kanisa. Mtoto mmoja akaanza kuniitikia. Supavaiza akanitumia ujumbe kwa simu na tuko mita tano, "punguza sauti." Nikarudi kwa fundi, akasema kelele inatoka ndani, sponji inasugua ngozi, inua ya ndani unyunyize poda. Nyumbani kwangu poda iliyoko ni ile ya Brayo alibakisha akiwa mchanga. Nikanyunyiza. Nikaona haitoshi, nikanyunyiza tena. Nikamaliza mkebe.

Kelele ikaisha kabisa. Ila sasa kila nikikanyaga, kawingu keupe kanatoka kwa tundu za kamba, na ukumbi mzima unanukia mtoto ametoka kuogeshwa.

Ijumaa mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni, akaingia mama mmoja muuza omena. Akasimama karibu yangu. Akanusa. Akanusa tena. Akatabasamu akaniuliza, "Wako wangapi?"

Mimi naangalia kaunta. "Wawili tu, mama. Tulitarajia watatu lakini mmoja hajafika."

Mama akashika mdomo. "Pole kwa huyo, baba. Lakini wawili ni baraka! Mapacha, Opiyo na Odongo!" Na akapiga kigelegele. Ndani ya benki. Foleni yote ikageuka, wazee wakanyoosha mikono, "hongera, hongera," mimi bado najaribu kupanga hesabu kichwani, kufikia wakati nimeelewa tunaongea kuhusu nini kashia wa kwanza ameshaanzisha mchango. Ningekataa aje? Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Lakini watu wanakuwekea mia mbili mia mbili mkononi wakikuombea, kuna mahali sentensi inakwama. Kufika lunch ilikuwa elfu nne mia tatu na hamsini.

Halafu madam meneja mwenyewe akatoka ofisini kwake, akisukuma kiti. Kile cha kuzunguka. Akakiweka kando ya mashine ya namba, akasema mbele ya kila mtu, "Baba wa mapacha halali usiku. Keti."

Miaka sita jameni. Nikaketi. Nikajizungusha kidogo kulia. Nikajizungusha kushoto. Nikanyoosha miguu mbele nikaitazama, viatu vinang'aa, kamba zimelegea, poda inatoka polepole kama moshi wa jikoni la mbali, mteja akija namwambia tu "keti" na mimi nimeketi, tunaangaliana kama watu sawa.

Saa tisa na dakika kumi simu ikatetemeka mfukoni. Nilikuwa nimesahau yule mama wa omena anauzia wapi, na ni nani hununua kwake kila Ijumaa. Ujumbe ni wa Mama Brayo, mstari mmoja, hata salamu hakuna.

"Opiyo na Odongo ni wa nani?"

Nikasimama.